Mwenye Deni na Asome Deni Lake: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya na Wakurugenzi wa Mabenki

Mji wa Kale, Mombasa

Mheshimiwa Gavana, na Waheshimiwa Wakurugenzi wa mabenki yatoayo kadi za mkopo,

Naomba ruhusa niseme nanyi hadharani juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa mwenye deni huona haya, na mwenye kuona haya huchelewa kuuliza, na achelewaye kuuliza hulipia kuchelewa kwake. Jambo lenyewe ni deni la kadi ya mkopo na riba yake, na hasa namna riba hiyo inavyoandikwa katika taarifa ya hesabu ambayo benki humpelekea mteja kila mwezi. Siandiki ili nimfedheheshe mtu, wala sitalitaja jina la benki iliyokuwa ikinidai. Naandika kwa kuwa elimu niliyo nayo juu ya jambo hili nimeinunua kwa fedha zangu, tena kwa bei ya juu, na elimu ya namna hiyo haifai kuzikwa pamoja na aliyeinunua.

Mimi ni karani mstaafu. Kwa muda wa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kuhesabu shehena katika bandari ya Kilindini: magunia yaliyoteremshwa, marobota yaliyopakiwa, yaliyopungua na yaliyozidi, kila kitu na tarakimu yake, na kila tarakimu na sahihi yake. Nayataja haya ili msije mkadhani kuwa anayewaandikieni ni mtu asiyejua kujumlisha na kutoa. Najua, na ndiyo sababu kisa changu kinanihuzunisha, kwani ikiwa karani wa shehena aliweza kulipa deni kwa miezi 32 asijue aendako, basi ni ipi hali ya mpishi, na ya dereva, na ya muuguzi, ambao hesabu si kazi yao?

Katika utoto wangu deni lilikuwa jambo la watu wawili kukaa pamoja. Mama alikuwa akinituma dukani kuchukua mchele, sukari na mafuta ya taa kwa mkopo, na mwenye duka akiandika mara mbili, mara moja katika daftari lake, na mara ya pili katika kijitabu nilichokishika mkononi; hata ukifika mwisho wa mwezi, baba hukaa naye barazani, daftari kwa kijitabu, wakasomeana mstari kwa mstari, na kila mmoja akaondoka akiijua jumla ileile. Wafanyabiashara nao walikuwa na mali kauli yao, bidhaa itolewayo kwa neno la mtu, ilipwe ikisha kuuzwa, na mwenye kuvunja neno hakupata tena wa kumwamini mjini. Wazee waliyaona hayo yote wakatuachia msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo kwa desturi huambiwa mwenye mali. Mimi leo nataka kuuelekeza kwa mdeni, maana mdeni naye anayo mali yake iwezayo kupotea bila habari, nayo ni mshahara wa miezi ambayo bado haijafika.

Tuliosoma chuoni tukiwa watoto twajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haihusu sala, wala saumu, wala Hija, yahusu deni. Imeamrisha deni la muda liandikwe, na mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wahudhurie. Na katikati ya amri hizo imo moja ambayo nimeitafakari sana tangu nilipopatwa na yaliyonipata, nayo ni kwamba atakayeyatamka maneno ya mkataba, mwandishi akaandika, awe ni yule anayedaiwa. Si mdai. Na iwapo mdeni ni dhaifu, au hawezi kutamka, basi mlezi wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu. Hekima yake ni dhahiri: mtu hawezi kulitamka deni asilolifahamu. Siwahutubii dini, kwa kuwa barua hii ni ya Mwislamu na Mkristo na asiyekuwa mmoja wao. Wala sikusahau kuwa kwa Mwislamu riba yenyewe ina hukumu yake, na kuwa tangu mwaka 2008 nchi yetu ina mabenki yafuatayo sharia ya Kiislamu. Mimi niliingia katika riba kwa dharura, na hilo ni baina yangu na Mola wangu. Nimeitaja aya hiyo kwa sababu ndani yake mna kipimo ambacho mtu wa dini yoyote aweza kukishika: mkataba wa deni huwa wa haki pale mdeni awezapo kuusema kwa kinywa chake mwenyewe, kiasi chake, muda wake na mwisho wake.

Sasa nisikilizeni. Mwaka mmoja mke wangu alihitaji kupasuliwa, na gharama ikazidi akiba yetu kwa shilingi 100,000. Nilikuwa na kadi ya mkopo, nikalipia kwayo, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu mke wangu akapona. Masharti ya kadi ile yalikuwa mepesi masikioni: riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na kima cha chini cha malipo asilimia 5 ya deni. Mwezi wa kwanza deni lilifika shilingi 103,000, nikatakiwa kulipa 5,150, nami nikalipa. Na katika fedha hizo, 3,000 zilikuwa riba, na 2,150 tu ndizo zilizopunguza deni. Mwezi wa pili nikatakiwa 5,039, na kila mwezi uliofuata kima kile kikawa kinashuka kidogo kidogo, nami nikakiona kushuka huko kuwa ni dalili ya wema, ilhali ndiko kulikokuwa kunarefusha safari yangu. Sikukosa kulipa hata mwezi mmoja, sikuchelewa hata siku moja, wala sikununua tena kwa kadi ile hata kitana. Baada ya miezi 32 nikazikusanya taarifa zangu zote, nikakaa nazo usiku mmoja, nikajumlisha kama nilivyokuwa nikijumlisha shehena ya meli. Nilikuwa nimekwisha lipa shilingi 120,000, na deni lilikuwa bado shilingi 49,900 hivi.

Usiku ule nilifanya hesabu ambazo ningalizifanya siku ya kwanza, lau taarifa ya benki ingalinielekeza. Niliona ya kuwa, lau ningaliendelea kulipa kima cha chini peke yake, ingalichukua miaka zaidi ya 17 mpaka deni lile libaki shilingi 1,000, na kwa muda huo ningalikuwa nimetoa zaidi ya shilingi 237,000 kwa mkopo wa laki moja. Niliona tena ya kuwa, lau ningalilishika lile lipo la kwanza la shilingi 5,150 nisikubali kulipunguza, hata benki ilipokuwa ikinitaka kidogo, deni lingalikwisha mwezi wa 30, kwa jumla ya shilingi 152,200 hivi. Na lau ningalijibana nikalipa shilingi 10,000 kila mwezi, ningalimaliza kwa mwaka mmoja, zikabaki shilingi 676 tu za kulipwa mwezi wa 13; na jumla yake ingalikuwa shilingi 120,676. Itazameni jumla hiyo, Waheshimiwa, kwa sababu ndiyo iliyoniondolea usingizi. Ni fedha zilezile nilizokwisha zitoa. Watu wawili wangaliweza kuchukua mkopo mmoja siku moja, wakatoa fedha sawasawa, mmoja akawa huru kwa mwaka, na mwenziwe baada ya miaka miwili na miezi minane akawa bado anadaiwa nusu. Kulipa 10,000 kungalinitia dhiki, lakini nilikuwa bado kazini, na mwanadamu huvumilia mwaka wa dhiki akiwa anaujua mwisho wake.

Hakuna aliyenidanganya, na hili nalisema kwa insafu. Kila tarakimu iliyoandikwa katika taarifa zile ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni habari mbili tu, nazo ndizo habari ambazo mdeni azihitaji kuliko nyingine zote: kwa mwendo huu nitamaliza lini, na nitakuwa nimelipa kiasi gani. Nilipewa tarehe ya mwisho ya kulipa, nikapewa kima cha chini kwa herufi nzito, nikapewa nambari ya hesabu ya kutilia fedha. Sikupewa mwisho wa deni langu.

Ziko habari nyingine pia ambazo mteja huzipata kwa kuumia. Asilimia 3 kwa mwezi huonekana kitu kidogo, nayo kwa mwaka ni asilimia 36 kwa hesabu nyepesi, na riba isipolipwa ikaongezwa juu ya deni ili nayo izae riba, hufika zaidi ya asilimia 42. Kadi nyingi humpa mteja muhula usio na riba, ambao kwa baadhi yake hufika hata siku 50 tangu kununua, na muhula huo ni neema kubwa kwa alipaye deni lote siku inapotimu. Lakini wachache huambiwa waziwazi kuwa aghalabu anayebakisha sehemu ya deni huupoteza, na kila anachokinunua baada ya hapo huanza kuhesabiwa riba mara moja. Tena iko fedha taslimu itolewayo kwa kadi ya mkopo kwenye mashine, ambayo kwa desturi haina muhula hata wa siku moja, na juu ya riba yake ina ada ya kutolea, ilhali mashine hutoa noti hizo kwa adabu ileile itoayo noti za mshahara wa mtu. Na kwa kuwa mabenki mengi huhesabu riba kwa deni la kila siku, mteja aliyelipa siku alipopokea mshahara hulipa pungufu ya yule aliyengoja siku ya mwisho, ingawa wote wawili wamelipa ndani ya muda. Haba na haba hujaza kibaba, na katika jambo hili kibaba ni cha mdai.

Mimi nilitoka kwa njia iliyo wazi kwa wafanyakazi wengi, nayo ni chama cha akiba na mikopo nilichokuwa mwanachama wake. Nilikopa humo shilingi 50,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, juu ya deni linalobaki, nikalifuta deni la kadi siku hiyohiyo. Riba ya mwezi wa kwanza, ambayo kwenye kadi ingalikuwa shilingi 1,500 hivi, ikawa 500. Nikalipa shilingi 4,442 kwa mwezi kwa miezi 12, na riba yote ya mwaka huo haikufika shilingi 3,400. Dawa ya deni ni kulipa, wamesema wazee, nami naongeza kwa unyenyekevu kuwa dawa huwa na kipimo, na mgonjwa asiyeambiwa kipimo aweza kuinywa miaka mingi asipone.

Mheshimiwa Gavana, sikuja kwako nikidhani kuwa nchi yetu haina sheria. Inazo, na nyingine ni nzuri. Kwa mabadiliko ya Sheria ya Mabenki yaliyoanza kutumika mwaka 2007, riba ya mkopo uliokwisha haribika haiwezi kuupita mtaji uliokuwa ukidaiwa siku ulipoharibika. Nayo ni kinga kubwa kwa aliyezidiwa. Lakini ipimeni kinga hiyo kwa kisa changu. Imewekwa kwa ajili ya mkopo ulioharibika, yaani wa yule aliyeacha kulipa. Yule anayelipa kima cha chini kwa uaminifu, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, mkopo wake haujaharibika, na kwa hiyo anaweza kutoa riba ya shilingi 137,000 na zaidi juu ya mtaji wa 100,000, na sheria isiwe na neno naye. Aliyekata tamaa analo boma. Mwaminifu amesimama nje yake. Simwambii mtu aache kulipa deni, kwani dhima ni dhima. Nasema tu kuwa haifai uaminifu wa mtu uwe ndio mlango wa kupotezea mali yake.

Wala siombi turudishe kile kizuizi cha riba ambacho Rais Uhuru Kenyatta alikitia sahihi mwezi wa Agosti 2016, kilichoyafunga mabenki yasitoze zaidi ya pointi 4 juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu. Tuliokuwa wadeni tulikifurahia, lakini yaliyofuata tuliyaona: mabenki yakapendelea kuikopesha Serikali, mtu mdogo akafungiwa mlango, naye akaenda kukopa mahali penye riba kali zaidi, mpaka kizuizi kikaondolewa mwezi wa Novemba 2019. Ninaloliomba ni jambo jepesi kuliko hilo, lisilomkataza mtu kukopesha wala kukopa. Naomba habari.

Na habari si fadhila, ni haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2014 ninyi wenyewe, Benki Kuu pamoja na Chama cha Mabenki, mlikubaliana kuwa mkopaji aonyeshwe gharama ya mkopo kwa mwaka, pamoja na ada zake zote, na mwaka 2019 mkaandika mwongozo wa sekta ya mabenki unaotaja uwazi kuwa moja ya nguzo zake. Msingi basi umekwisha chimbwa. Kilichobaki ni kuufikisha kwenye karatasi ya mwenye kadi, na si siku anapokopa tu, wakati moyo wake uko kwenye haja yake, bali kila mwezi, wakati anapolipa.

Wenzetu walioianza biashara hii ya kadi wamekwisha lifanya jambo hili. Mwezi wa Septemba 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wa mji wa Fresno, katika jimbo la California, kadi zipatazo 60,000 ambazo hawakuziomba, na hapo ndipo ilipozaliwa kadi ya mkopo ya benki kama tuijuavyo leo. Kupeleka kadi zisizoombwa kulikuja kukatazwa na sheria ya mwaka 1970. Lakini ilipita nusu karne nzima, na familia zisizo na idadi zikaingia katika madeni, hata mwezi wa Mei 2009 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa mtu wa kwetu, wa Nyanza, akatia sahihi sheria iliyoyalazimisha mabenki ya Marekani kuandika katika kila taarifa ya kadi maneno ya wazi: ukilipa kima cha chini peke yake, utamaliza baada ya muda fulani, na utakuwa umelipa jumla fulani, na ukitaka kumaliza kwa miezi 36, lipa kiasi fulani kila mwezi. Sheria hiyo ikaagiza pia kwamba kinacholipwa juu ya kima cha chini kianze kupunguza deni lenye riba kubwa zaidi, na kwamba taarifa imfikie mteja siku 21 kabla ya siku ya kulipa. Kadi hazikutoweka Marekani kwa sababu ya maneno hayo, wala mabenki hayakufunga milango.

Kwa hayo, Mheshimiwa Gavana, nakuomba mambo manne, na Waheshimiwa Wakurugenzi nawaombeni msingoje mpaka mlazimishwe.

La kwanza, ambalo mkinipa hilo peke yake nitashukuru, ni kuwa kila taarifa ya kadi ya mkopo iandikwe juu kabisa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mahali palepale panapoandikwa kima cha chini na kwa herufi zisizopungua zake, miezi itakayomchukua mteja kumaliza kwa kulipa kima hicho, na jumla ya shilingi atakazokuwa amelipa. Na chini yake kiandikwe kiasi ambacho akilipa kila mwezi atamaliza kwa mwaka mmoja. Mistari miwili tu. Mistari hiyo ingaliniokolea mimi fedha zilizopita nusu ya mkopo wangu.

La pili ni kuwa riba itajwe kwa mwaka popote inapotajwa kwa mwezi, na kila taarifa ionyeshe, kwa shilingi na si kwa asilimia, ni kiasi gani cha lipo la mwezi uliopita kilikwenda kwenye riba na ni kiasi gani kilipunguza deni. Asilimia ni lugha ya karani. Shilingi ni lugha ya kila mtu.

La tatu ni kuwa mteja anapotaka kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo, mashine imwambie kwanza ada na riba ya tendo hilo, imwache akubali au aghairi. Na kuwa kiwango cha mkopo kisipandishwe ila mteja mwenyewe akiomba. Kumpandishia kiwango mtu aliyekwisha lemewa, kisha kumwandikia barua ya kumpongeza, ni kumwongezea maji mwenye kuzama.

La nne ni kuwa mteja ambaye kwa miezi sita mfululizo amelipa kima cha chini tu aitwe, si kwa vitisho bali kwa mashauri, akaonyeshwe namna ya kuligeuza deni lake liwe mkopo wa kawaida wenye riba nafuu na mwisho unaojulikana. Kima cha chini kinacholipwa miezi sita mfululizo ni kikohozi. Tabibu mwema hangoji mpaka mgonjwa ateme damu.

Nazijua hoja zitakazoletwa dhidi ya haya. Itasemwa kuwa kuzibadilisha taarifa ni gharama. Nami nauliza iweje tarakilishi iwezayo kuhesabu riba ya kila siku mpaka senti ya mwisho ishindwe kuhesabu miezi. Itasemwa kuwa wateja hawasomi. Nami nasema mtu hasomi maandishi madogo ya kurasa kumi yaliyoandikwa kwa lugha ya mawakili, lakini mstari umwambiao kuwa atalipa miaka 17 atausoma, tena atamsomea na mkewe. Na itasemwa, pengine kwa sauti ya chini, kuwa mteja akijua atalipa haraka, na faida ya benki itapungua. Hoja hii ndiyo ya kweli kuliko zote, na kwa hiyo naijibu kwa heshima: faida ambayo hupatikana maadamu mteja hajui, na hupotea akijua, hiyo haikuwa yenu tangu mwanzo. Fauka ya hayo, mteja aliyemaliza deni lake kwa amani hurudi kukopa, na huwaleta nduguze. Aliyezamishwa na deni humfundisha mwanawe kuliogopa jengo lenu.

Nasikia pia mtu akiuliza kwa nini nijishughulishe na kadi, ambazo wenye kuzimiliki si wengi, ilhali wengi wanakopa kwa simu. Ni kweli, na sikuwasahau. Tangu mwezi wa Novemba 2012, huduma ya mikopo kwa simu ya M-Shwari ilipoanza na ada yake ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, mkopo umeingia katika kiganja cha mkono wa kila mtu, na kanuni mlizozitoa mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali, zikakataza kuwatisha wadeni na kuwapigia simu jamaa zao, zimewapa watu faraja kubwa. Lakini asilimia 7.5 kwa mwezi, akiirudia mtu mwaka mzima, ni asilimia 90, na hilo nalo ni neno linalostahili kuandikwa. Nimeanza na kadi kwa sababu mwenye kadi tayari hupelekewa taarifa kila mwezi, na mahali pa kuandika pameshakuwapo. Mkiitengeneza karatasi hiyo ikawa ya haki, mtakuwa mmepata kielelezo cha kuipimia mikopo mingine yote.

Na kwenu ndugu zangu mnaodaiwa, mtakaoisoma barua hii kabla Waheshimiwa hawajaijibu, nina maneno machache. Chukueni daftari leo. Andikeni kila deni na riba yake kwa mwaka, na mlipe zaidi lile lenye riba kubwa, huku mengine mkiyalipa kima chake. Msikubali lipo lenu lishuke kwa kuwa benki imelishusha. Lipeni siku ya mshahara, msingoje siku ya mwisho. Msitoe fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ila kwa dharura ya uhai. Nendeni katika chama chenu cha akiba mkaulize riba yake, au mwendeeni meneja wa benki mkamwombe alipangie deni upya, maana aombaye mapema husikilizwa kuliko afuatwaye. Na msione haya kuwaambia wake zenu na waume zenu, kwa sababu deni lililofichwa nyumbani halina wa kulihesabu.

Waheshimiwa, mwenye duka wa utotoni mwangu hakuwa na tarakilishi, wala mwanasheria, wala nguzo za uwazi zilizoandikwa kitabuni. Alikuwa na penseli, na alikuwa tayari kukaa barazani na mdeni wake amsomee. Ninyi mna kila kitu alichokikosa yeye. Nawaombeni mfanye alichokifanya: mumwandikie mwenye deni deni lake kwa lugha yake, mpaka mwisho wake, ili akiulizwa na mtoto wake nyumbani aweze kulitamka.

Wassalaam,

Karani mstaafu wa bandari,
Mombasa